Taa nyuma ya Lancaster: wapiga bunduki wa Uingereza waliona jeti za Wajerumani usiku, au waliona kitu kingine?

Mlinzi wa Kumbukumbu:

Wakuu, heshima zenu. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi aurudie akitulia.

Nataka tuzungumzie jambo la Vita Kuu ya Pili ambalo humu huguswa juujuu tu. Kuanzia katikati ya 1944 hadi vita vinakwisha Ulaya Mei 1945, ndege za mabomu za Uingereza zilikuwa zikirudi alfajiri kutoka Ujerumani na taarifa zinazofanana: tumeona jeti. Taa ya rangi ya machungwa imetufuata. Kitu chenye moto nyuma kimetupita kwa kasi ambayo ndege ya pangaboi haina, kikapanda juu kikapotea. Afisa wa ujasusi anaandika, karatasi inapanda ngazi, na kesho yake vikosi vingine vinaambiwa wawe macho, jeti zimeanza kuwinda usiku.

Msimamo wangu nausema mapema. Watu hawa hawakuwa waongo. Na sehemu kubwa sana ya walichokiona haikuwa jeti. Mambo haya mawili hayagombani, na nitaeleza kwa nini. Lakini kinachonisukuma kuandika ni kingine: wakati macho yao yanatafuta moto wa jeti gizani, kilichokuwa kikiwaua kilikuwa chini ya matumbo ya ndege zao, kimya, bila taa yoyote.

Kwanza tujue nani alikuwa anaangalia. Lancaster, ndege kubwa ya mabomu ya Uingereza, ilibeba watu 7. Wa mwisho kabisa, mkiani, ni mpiga bunduki wa nyuma, peke yake ndani ya kibanda kinachozunguka chenye bunduki 4 za Browning. Wenzake wote wako mbele, yeye ameketi akiwapa mgongo, anatazama walikotoka. Safari ya Berlin kwenda na kurudi ni saa 7 au 8. Baridi huko juu hufika nyuzi 40 chini ya sifuri. Anavaa suti yenye nyaya za umeme za kumpasha joto, anavuta oksijeni kwa barakoa, na wengi walimeza vidonge vya kufukuza usingizi. Kioo cha plastiki kilichomzunguka alikisugua kabla ya kuruka mpaka king'ae, kwa sababu punje moja ya uchafu usiku inafanana na ndege ya adui iliyo mbali. Wengine waliona hata hilo halitoshi, wakaondoa kabisa kipande cha mbele cha kioo, wakakubali kupigwa na upepo wa barafu usoni ili waone vizuri zaidi.

Mtu huyo ndiye shahidi wetu. Kazi yake ni kuona kitu sekunde chache kabla hakijafyatua risasi. Akichelewa, watu 7 wamekufa. Akipiga kelele bure, rubani anaiangusha ndege upande mmoja, anaigeuza, anaipandisha upande wa pili, kama walivyofundishwa, na wote wanarudi kwenye mstari wakiwa hai. Sasa niambieni, wewe ungekosea upande gani? Mtu mwenye akili timamu anapiga kelele.

Naendelea, msinikatize kwanza.

Jeti zenyewe zilikuwepo kweli, hilo lisitupotoshe. Tarehe 26 Julai 1944 ndege ya Uingereza ya kupiga picha, aina ya Mosquito, ilishambuliwa mchana juu ya Bavaria na Messerschmitt Me 262. Ilinusurika kwa kujificha mawinguni. Me 262 ilikuwa na injini 2 za Jumo 004 na ilikimbia takriban kilomita 870 kwa saa. Kulikuwa pia na Me 163, ndege ya roketi, ambayo ilianza kuwavamia Wamarekani mchana katika miezi hiyohiyo. Waingereza walikuwa wanaijua tangu mapema: Constance Babington Smith, mwanamke aliyekuwa akisoma picha za angani pale Medmenham, aliitambua Me 163 kwenye picha za Peenemünde, kituo cha Wajerumani cha kujaribia silaha, mwaka 1943, kabla haijapiga risasi hata moja vitani.

Kwa hiyo kikosi kikikaa kwenye maelezo ya jioni kabla ya kuruka, kinaambiwa kuna jeti. Baada ya saa kadhaa gizani kinaona mwanga usioeleweka. Jina la kuupa mwanga huo kilishapewa kabla hakijauona.

Tafakari:

Mkuu umeanza vizuri lakini hapo unaharakisha. Wajerumani walikuwa na kikosi cha jeti cha usiku. Rubani wake Kurt Welter yuko kwenye vitabu vyote. Huwezi kusema waliona vivuli wakati kikosi kilikuwepo.

Mlinzi wa Kumbukumbu:

Ndugu Tafakari, nakushukuru, hapo ndipo nilipokuwa naelekea.

Welter alikuwepo. Kikosi chake kilianza mwishoni mwa 1944, na mwanzoni mwa 1945 kikapewa jina la 10./NJG 11 na kuwekwa Burg, karibu na Magdeburg. Yeye mwenyewe alidai kuangusha Lancaster usiku wa tarehe 12 Desemba 1944 akiwa na Me 262. Sasa tuangalie kikosi hicho kilikuwa na nini na kilifanya kazi wapi.

Ndege zake za mwanzo zilikuwa za mtu mmoja, hazina rada. Rubani alitegemea kurunzi kubwa za ardhini zinazomulika anga la Berlin. Zikinasa ndege ya Mosquito, yeye anaiona na kuifukuza. Bila kurunzi, yuko gizani kama wengine. Baadaye zikaja chache za viti viwili, Me 262 za mafunzo zilizogeuzwa na kuwekewa rada ya FuG 218 Neptun, na antena zake puani zikaipunguzia ndege kasi. Hizo hazikufika hata dazeni moja. Ukijumlisha kikosi kizima, ndege zilizo tayari kuruka usiku mmoja unazihesabu kwa vidole vya mikono miwili. Arado Ar 234 zilizojaribiwa kwa kazi hiyo ya usiku zilikuwa chache hata kuliko hizo.

Na lengo lao lilikuwa Mosquito, kwa sababu ndege nyingine za Kijerumani zilishindwa kuzifikia. Kuanzia usiku wa tarehe 20 Februari 1945 Mosquito zilipiga Berlin usiku 36 mfululizo. Huko ndiko Welter alikokuwa. Injini ya Jumo 004 ilidumu saa chache tu kabla ya kuvuliwa, ilizimika ukiisukuma mafuta kwa pupa, na ndege yenyewe ilikaa hewani kama saa moja, au na nusu ukibahatika. Jeti ya Burg haikuwa ya kuzurura usiku kucha juu ya Ruhr, Stuttgart na Bahari ya Kaskazini. Lakini taarifa za jeti zilitoka kote huko, tena nyingine za miezi ambayo kikosi cha Welter kilikuwa hakijazaliwa.

Hata madai ya Welter mwenyewe, watafiti waliolinganisha baada ya vita na kumbukumbu za Uingereza za ndege zilizopotea wamethibitisha sehemu ndogo tu. Kwa hiyo usiku uliwachanganya wote wawili, mwindaji na mwindwa.

Wakili Mstaafu:

Umetaja Mosquito za Berlin, ngoja niongeze jambo linalotuhusu sisi Watanzania. Ulric Cross, mzaliwa wa Trinidad, alikuwa mwongoza njia kwenye Mosquito za skwadroni ya 139. Aliruka safari 80 za vita, zaidi ya 20 kati ya hizo Berlin, akapata nishani za DFC na DSO. Mtu huyohuyo baadaye alikuwa Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania, kuanzia 1967, na alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kurudi kwao mwaka 1971. Mawakili wa rika langu wanamkumbuka. Wengi waliosimama mbele yake hawakujua kwamba mheshimiwa alikuwa amevuka anga la Berlin usiku mara nyingi hivyo.

Mlinzi wa Kumbukumbu:

Mzee Wakili, asante sana. Jaji Cross anastahili uzi wake mwenyewe, na naomba uuandike wewe. Nitaongeza tu kwamba skwadroni yake ilikuwa miongoni mwa zile za kutia alama, zinazotangulia kuangusha mataa ya rangi ili wengine walenge. Nyekundu, kijani, manjano, yanashuka polepole yakimwaga cheche. Wajerumani nao waliangusha mataa yao meupe kuimulika njia ya ndege za mabomu. Chini miji inaungua, mizinga ya kutungulia ndege inapasuka, risasi za kuwaka zinapanda. Halafu ndege za mabomu zenyewe, 500 au 800, zote zimezima taa, zinapita anga moja ndani ya dakika 20 au 30. Kitu kilicho karibu nawe zaidi kuliko vyote ni rafiki yako usiyemwona. Injini yake ikishika moto, unachokiona wewe ni moto unaokimbia kwa pembe usiyoitegemea, halafu unazimika.

Sasa nakuja kwenye hoja ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote, na sioni ikijadiliwa.

Injini ya jeti ya wakati ule inatoa mwanga nyuma. Ukiitazama kutoka mbele, unaona tundu jeusi. Sasa fikiria mpiga bunduki wa mkiani anayesema, taa ilikuwa nyuma yetu, ikatufuata dakika kadhaa. Kama ni jeti inayomfuata, pua yake imemwelekea yeye. Moto uko upande wa pili, mbali na macho yake. Jeti inayokushambulia kutoka nyuma haina taa kwako mpaka iwe imeshakupita. Basi taa iliyokufuata si ndege ile. Tena Me 262 inayofuata Lancaster dakika kadhaa inabidi itambae kwa kilomita 350 kwa saa, mwendo ambao rubani wake aliuogopa kuliko kitu kingine. Na Me 163 ndiyo haiwezekani kabisa. Mafuta yake yaliisha baada ya dakika 7 au 8 za mwako, ikabaki kuteleza hewani bila injini mpaka itue kwa tumbo. Ilikuwa ya mchana tu.

Baharia wa Pemba:

Kaka, mimi si mtu wa ndege, ni mtu wa bahari, lakini hili nalielewa. Usiku wa giza totoro, mwezi haupo, ukikazia macho taa moja ya ngalawa iliyotia nanga mbali, baada ya muda unaiona inatembea. Inakwenda kushoto, inarudi, inapanda. Ngalawa imetia nanga, haijaondoka. Vijana wapya tunawaambia wasikazie macho taa moja, wapeleke jicho huku na huku.

Mlinzi wa Kumbukumbu:

Baharia, umesema kitu ambacho wanasayansi walikihitaji chumba cha giza kukithibitisha.

Jicho likikosa kitu kingine cha kulinganisha, nukta ya mwanga iliyotulia huonekana inatembea. Mwaka 1935 Muzafer Sherif, mwanasaikolojia mzaliwa wa Uturuki, alichapisha majaribio aliyoyafanya Marekani. Aliwaketisha watu gizani, akawaonyesha nukta ya mwanga isiyosogea, akawauliza imesogea kiasi gani. Kila mmoja alitoa kipimo chake. Alipowaweka pamoja wakawa wanajibu kwa sauti, vipimo vyao vilisogeleana mpaka wakawa na jibu la kikundi. Na alipowatenganisha tena, kila mtu aliondoka na jibu la kikundi kichwani.

Weka hilo ndani ya Lancaster. Mpiga bunduki wa mkiani anasema kwenye simu ya ndani, taa nyuma, inasogea kulia. Mwenzake wa kibanda cha juu anageuka, anaiona, naye anaona inasogea kulia. Wakitua, wote wawili mbele ya afisa wa ujasusi, chai mkononi, macho mekundu, wanasema jambo moja. Afisa anaandika mashahidi wawili. Kwa kweli ni shahidi mmoja na mwangwi wake, na hakuna aliyedanganya.

Halafu kuna Zuhura. Kati ya Januari na Machi 1945 sayari hii ilikuwa nyota ya jioni, inang'aa sana upande wa magharibi, na ilizama saa kadhaa baada ya jua. Ndege za mabomu ziliruka jioni kuelekea mashariki. Nani anayetazama magharibi muda wote huo? Yule wa mkiani. Na tazama kinachotokea anapomwambia rubani akwepe. Ndege inapinda kulia, taa inakimbia kwenye kioo. Ndege inapinda kushoto, taa inakimbilia upande mwingine. Ndege inarudi kwenye mstari, na taa imerudi palepale mkiani. Mpiga bunduki anaripoti kwa dhati kwamba imetufuata katika kila kona tuliyokata. Ninaamini sehemu ya taarifa za majira yale ni hii.

Nyingine ni makombora. Kuanzia tarehe 8 Septemba 1944 Wajerumani walirusha V-2 kutoka upande wa The Hague, na roketi hiyo iliwaka kama dakika moja ikipanda wima, ikionekana kutoka mbali sana usiku. Ndiyo ile taarifa ya kitu chenye moto kilichopanda juu kikapotea. Na ndege za Heinkel He 111 zilikuwa zikibeba V-1, mabomu yenye mabawa na injini, na kuzifyatua gizani juu ya Bahari ya Kaskazini, zoezi lililoendelea hadi Januari 1945. V-1 ina moto nyuma, inakwenda kasi, imenyooka. Kikosi kilichokuwa kinavuka bahari hiyo kikisema kimeona ndege ya moto bila pangaboi, kimesema ukweli mtupu, isipokuwa haina rubani.

Tafakari:

Nakubali sehemu. Lakini vipi wale Wamarekani wa foo fighters, jina walilowapa mataa yasiyoeleweka yaliyowafuata? Skwadroni ya 415, ndege za Beaufighter, bonde la Rhine, mwisho wa 1944. Hao walikuwa na rada, walikuwa marubani wa usiku wazoefu, na mataa yaliwafuata kwa makundi. Gazeti la Time liliandika Januari 1945. Wapo wanaosema hizo zilikuwa silaha za siri, na wengine wanasema si za dunia hii kabisa.

Mlinzi wa Kumbukumbu:

Ndugu yangu, skwadroni ya 415 naiheshimu sana, na hoja yako ina uzito kwa sababu ya jambo moja ulilolitaja wewe mwenyewe, rada. Zile taa hazikuonekana kwenye rada zao. Kitu chenye chuma cha kutosha kuwa silaha, kilicho karibu kiasi hicho, kingejibu. Baada ya vita Wajerumani waliulizwa, karatasi zao zikachukuliwa, wataalamu wao wakapelekwa Marekani, Uingereza na Urusi. Me 262 ilipatikana, V-2 ilipatikana, hata ndege ambazo hazikuwahi kuruka zilipatikana michoro yake. Silaha ya mpira wa moto unaofuata ndege haikupatikana. Jopo la wanasayansi lililokutana Washington Januari 1953 liliifikiria habari hii likaona kwamba umeme tuli, unaofanana na ule unaowaka kwenye milingoti ya meli wakati wa dhoruba, au mwanga unaoakisiwa na chembe za barafu, ndiyo maelezo ya kuanzia.

Na upande wa Japani kuna jambo linaloondoa ubishi kabisa. Mwaka 1945 ndege za mabomu za Wamarekani, B-29, nazo zilirudi kutoka Japani usiku na taarifa za mipira ya moto, na baadhi wakadhani ni jeti. Jeti ya kwanza ya Japani, Nakajima Kikka, iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 7 Agosti 1945, siku moja baada ya Hiroshima. Taarifa zote zilizotangulia tarehe hiyo, kama zinasema jeti, zinasema kitu ambacho kilikuwa hakijainua matairi yake ardhini.

Linganisheni na jeti zilipokuja kweli. Tarehe 31 Machi 1945, mchana, ndege 469 za Uingereza na Kanada zilikwenda kupiga karakana za Blohm & Voss za manowari pale Hamburg. Me 262 zikazivamia, na ndege 11 hazikurudi. Taarifa za siku ile hazina taa za kufuata dakika kumi. Zina umbo la bawa, injini 2 chini yake, mizinga puani, upande zilikotokea, saa, na mashahidi kutoka ndege tofauti ambao hawakuwa kwenye simu moja ya ndani.

Wakili Mstaafu:

Mahakamani tungesema ushahidi wa usiku unahitaji tahadhari, hasa wa utambuzi. Lakini kijana, umesema mwanzoni kwamba kilichowaua kilikuwa chini yao. Tufikishe hapo.

Mlinzi wa Kumbukumbu:

Mzee wangu, naam.

Tangu mwisho wa 1943 vikosi vya Uingereza vilikuwa vinaripoti kitu walichokiita Scarecrow. Angani, ghafla, mlipuko mkubwa wa moto mwekundu na mweusi, vipande vinamwagika, kama ndege nzima imelipuka pamoja na mabomu yake. Wakaambiwa, na maelezo ya kabla ya safari yakalirudia, kwamba hilo ni kombora la Wajerumani la kutisha tu, lenye mafuta na baruti, linaloigiza ndege inayolipuka ili kuwavunja moyo. Wakaamini. Ulikuwa ni ufafanuzi unaokuwezesha kuruka tena kesho.

Kombora hilo halikuwepo. Baada ya vita Wajerumani walishangaa walipoulizwa. Kila Scarecrow ilikuwa ndege ya kweli yenye watu.

Na nyingi kati ya hizo ziliuawa na mizinga ambayo Wajerumani waliiita Schräge Musik. Ilitumika usiku wa shambulio la Peenemünde, tarehe 17 kuamkia 18 Agosti 1943, baada ya majaribio ya awali. Chukua Messerschmitt Bf 110 au Junkers Ju 88, ndege za kawaida za pangaboi. Toboa mgongo wake, weka mizinga 2 ya milimita 20 inayotazama juu. Rubani anaongozwa na rada mpaka anakuwa nyuma na chini ya Lancaster, giza la ardhi likimficha. Anapunguza mwendo, anasogea mpaka yuko chini ya tumbo lake, mita 50 au 100. Anaiona yote juu yake, kivuli cheusi kwenye anga lenye nyota. Halengi katikati, kwa sababu mabomu yakilipuka naye anakufa. Analenga bawa, kati ya injini mbili, kwenye tangi la mafuta. Risasi zake haziwaki, au zinafifia sana. Anafyatua kidogo tu, anakwepa pembeni.

Lancaster nyingi hazikuwa na bunduki chini wala dirisha la kutazama huko. Tumbo lilikuwa limekaliwa na kuba la rada ya H2S. Vikosi vichache, hasa vya Wakanada, viliweka bunduki ya tumboni. Kwa wengine wote, yule mpiga bunduki aliyeondoa kioo chake ili aone vizuri, alikuwa anatazama nyuma na juu, kule taa zilikokuwa.

Tafakari:

Makao makuu hawakujua? Walikuwa na wanahisabati.

Mlinzi wa Kumbukumbu:

Walikuwa nao. Freeman Dyson, ambaye baadaye alikuwa mwanafizikia mkubwa pale Princeton, aliingia ofisi ya utafiti ya Bomber Command, kamandi ya ndege za mabomu za Uingereza, mwaka 1943 akiwa na miaka 19. Walichunguza jambo lililowasumbua: kwa kawaida tungetegemea kikosi chenye safari nyingi kiwe mahiri zaidi wa kubaki hai. Katika majira ya vita vya Berlin takwimu zilionyesha uzoefu hauwasaidii tena. Uzee wake wote Dyson alilirudia jambo hili kwa uchungu, kwamba jibu lilikuwa mbele yao: kama uzoefu haukuokoi, basi unauawa na kitu usichoweza kukiona hata ukiwa mzoefu. Hawakuunganisha.

Taarifa zilizofika ofisini zilikuwa za walionusurika. Aliyeona taa akarudi, aliandika taa. Aliyepigwa kutoka chini hakurudi kuandika. Kwa hiyo mafaili yakajaa jeti, mataa na Scarecrow, na silaha iliyofanya kazi barabara ikabaki karibu tupu kwenye karatasi kwa miezi mingi. Hapo ndipo ninaposikia maumivu nikisoma habari hizi. Watu 55,573 wa Bomber Command walikufa, kati ya takriban 125,000 waliohudumu angani.

Baharia wa Pemba:

Kaka, hizo jeti za usiku zenyewe zimebaki popote mtu aende azione?

Mlinzi wa Kumbukumbu:

Ipo, tena kwenye bara letu. Waingereza walizikuta ndege za Welter Schleswig vita vilipokwisha, wakazipeleka kwao kuzijaribu. Moja ya viti viwili, yenye namba 8 nyekundu, ikaishia Afrika Kusini, na leo iko jumba la makumbusho ya vita la Saxonwold, Johannesburg. Ndiyo Me 262 ya usiku ya viti viwili pekee ya asili iliyobaki duniani. Nyuma ya rubani utaona kiti chembamba cha mtu wa rada, kimebanwa mahali palipokuwa pa tangi la mafuta. Mtu akiwa Johannesburg aende, azunguke injini kutoka mbele hadi nyuma, halafu arudi hapa anibishie kuhusu ile taa.

Wakili Mstaafu:

Swali la mwisho kwangu. Familia zao hazioni kwamba unawavunjia heshima ukisema hawakuona walichosema wameona?

Mlinzi wa Kumbukumbu:

Mzee, nimelifikiria sana hili. Naona heshima iko upande wa pili. Pale Runnymede, nje ya London, kuna kumbukumbu iliyofunguliwa 1953 yenye majina zaidi ya 20,000 ya wanaanga wasio na kaburi linalojulikana. Wapo humo waliotoweka usiku fulani bila redio, bila parachuti kuonekana. Sasa chukua taarifa ya kikosi kingine cha usiku uleule: Scarecrow, saa 8 na dakika kadhaa, futi 19,000, mahali fulani. Mwongoza njia aliandika saa na mahali kwa umakini kwenye karatasi yake, maana hiyo ndiyo kazi yake. Ilinganishe na orodha ya ndege ambazo hazikurudi na madai ya marubani wa Kijerumani wa saa ile. Mara nyingine vitu vitatu vinakutana, na familia inajua mtu wao alifia wapi na saa ngapi.

Ndiyo maana siwezi kuzitupa taarifa hizi hata zile zenye jeti zisizokuwepo. Nikisoma neno jeti au Scarecrow, naweka jina pembeni, nachukua saa, urefu, upande na rangi ya moto. Hivyo vinne waliviandika sawa mara nyingi kuliko tunavyodhani. Mwenye nakala ya taarifa yoyote aibandike hapa chini tuilinganishe pamoja.